Usimwambie Unahesabu

Jina la Daktari alipewa na babu yake, siku alipomfunga paka bandeji kwa kipande cha kitambaa cha suti ya mteja. Alikuwa msichana mdogo bado, meno ya mbele hayajakamilika, na paka mwenyewe hakuwa na kidonda; alikuwa amejilalia zake juani. Mteja alikasirika, mama mtu akatafuta fimbo, lakini Babu, ambaye ndiye fundi cherehani na ndiye mwenye hasara, alicheka mpaka akavua miwani. Mwacheni daktari afanye kazi yake, akasema. Basi jina likaganda. Nyumbani Daktari, shuleni Daktari, akitumwa chumvi dukani Daktari. Na jina ukiitwa tangu utotoni, usipoangalia unaliamini.

Yeye aliliamini. Alipomaliza shule, matokeo yakatoka mazuri, mazuri ya kumfanya mama yake atafute kiti kwanza. Hakuna aliyemwuliza anataka kusoma nini. Ila chuo cha udaktari kilikuwa na sharti lake. Hakikutaka alama peke yake. Kilitaka mwombaji akae kwanza kwenye kituo cha afya, ashike kazi kwa mikono yake, halafu mkuu wa wauguzi wa pale aseme kwa kinywa chake kama mtu huyu anafaa kupelekwa mbele au akatafute kazi ya kukaa mezani. Bila neno la mkuu wa wauguzi, hata ungekuwa na alama za kujaza ndoo, mlango ulikuwa umefungwa.

Kikwazo kilikuwa nyumbani. Mama yake alikuwa mwoka mikate. Alitoka jogoo hajawika, akarudi jioni na unga mpaka kwenye nyusi. Aliyeshinda na Babu mchana kutwa alikuwa Daktari. Mama hakuwa mtu wa kumzibia mwanawe njia, lakini alisema wazi: nenda, ila siku nitakayosikia Babu yako anaumwa na hakuna mtu hapa, unarudi nyumbani, chuo kitasubiri mpaka mwakani. Mikono yangu ni miwili, na yote iko kwenye unga. Babu alikuwepo, pini mdomoni, akazitoa moja moja ili ajibu vizuri. Alimkumbusha binti yake kwamba yeye alianza kuvaa suruali ndefu kabla huyo binti hajazaliwa, na hahitaji yaya.

"Mtoto aende," akasema. "Mimi nikiumwa nitakuja mwenyewe, nipange foleni kama watu."

Siku ya kwanza Daktari aliamka kabla ya mama yake, na kumwahi mwoka mikate kuamka si jambo dogo. Alipiga koti lake jeupe pasi mara mbili. Koti lenyewe alishona Babu, likiwa na mifuko mikubwa kupita kiasi, kwa sababu Babu aliamini daktari ni mtu wa kubeba vitu. Njiani alijizuia asikimbie, akashindwa, akafika anahema.

Kituo kilikuwa na wodi mbili ndogo, chumba cha sindano, dirisha la dawa, na benchi refu la mbao lililong'arishwa na makalio ya miaka mingi. Kulikuwa na toroli ambalo gurudumu lake moja lililia kama kifaranga, na pazia la kijani la kutenganisha vitanda, limechanika katikati na kuzibwa kwa plasta za vidonda. Harufu ya spiriti ilimpiga puani mlangoni. Watu wengine harufu hiyo huwageuza matumbo. Daktari aliivuta mpaka ndani kabisa, kama mtu aliyefika kwao.

Mkuu wa wauguzi, wenzake walimwita Sista Saa, nyuma ya mgongo wake, kwa ajili ya saa aliyoibandika kifuani. Saa hiyo ilining'inia kichwa chini. Ukiitazama kutoka mbele huambulii kitu, iliwekwa kwa macho yake tu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na waliopita mikononi mwake walisimulia kwamba mwisho wa kujitolea huuliza swali moja: umeona nini? Mmoja alimjibu kwamba ameona upasuaji, akarudishwa nyumbani. Mwingine alijibu ameona damu na hakuzimia, naye akarudishwa. Hakuna aliyejua jibu lenyewe ni lipi.

Sheria yake nayo ilikuwa moja. Alimwambia Daktari kwamba hapa yeye hana jibu hata moja. Mgonjwa akiuliza, aseme ngoja nimwite Sista. Lakini macho anayo, na akiona kitu asikae nacho. Kisha akampa mzani, kipimajoto na benchi zima. Apime uzito, apime joto, na ahesabu pumzi za kila mtu, dakika nzima, kwa kutazama kifua.

Mzani ulikwenda vizuri. Kipimajoto kilikwenda vizuri. Kwenye pumzi ndipo malezi mema yalipomponza. Daktari aliona si adabu kumkodolea mtu mzima kifua bila kumtaarifu, kwa hiyo alimwinamia mama wa kwanza akamwambia kwa heshima zote, samahani mama, nahesabu pumzi zako. Mama akajinyoosha. Akafunga mdomo, akainua kidevu, akaanza kuvuta pumzi za mwimbaji wa kwaya anayengoja kuanza. Baba aliyemfuata alidhani anayeshinda ni yule anayebana zaidi, akabana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Bibi wa tatu akauliza huyu kapata ngapi, akaahidi kumpita. Sista Saa alipotokeza kichwa, benchi zima lilikuwa linavuta na kupuliza kama mivukuto ya mhunzi, na watoto wanacheka mpaka wanaanguka.

Sista hakucheka. Aliuliza nani kawafundisha watu mashindano, na Daktari akasema ni yeye, amewaambia anahesabu. Sista akamwita nyuma ya pazia lenye plasta. Hakumgombeza. Alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu mpaka Daktari akaanza kufikiri ndiyo anafukuzwa.

"Mapigo yako yanakimbia, una wasiwasi," Sista akasema hatimaye. "Pumzi ishirini na mbili."

Daktari akashangaa pumzi zimehesabiwa saa ngapi.

"Mtu akijua pumzi yake inatazamwa, anaivalisha nguo za kutokea. Wewe shika mkono, adhani unahesabu mapigo. Ukimaliza mapigo usiachie. Nyamaza, tazama kifua kinavyopanda. Usimwambie unahesabu."

Jambo dogo kabisa, wala halina mashine. Lakini Daktari alitoka nyuma ya lile pazia kana kwamba amekabidhiwa ufunguo wa jengo. Alirudi kwenye benchi akashika mikono, mmoja baada ya mwingine, na pumzi zikaja zenyewe zikiwa hazijachana nywele: nzito, nyepesi, za kukatika, za usingizi. Hakuwahi kufurahi namna ile maishani mwake. Alitamani kumshika mkono kila mtu njiani.

Na furaha ikimjaa mtu wa aina yake hutokea mdomoni. Jioni, mezani, aliisimulia siku nzima tangu kwenye harufu ya spiriti. Alimwigiza mama wa kwaya, akamwigiza baba wa mishipa, mama yake akacheka mpaka machozi yakachanganyika na unga. Kisha akaitoa na siri yenyewe, pamoja na sauti ya Sista: shika mkono, usiachie, usimwambie unahesabu. Babu naye alicheka sana. Ila aliuliza swali moja, akiwa anamega mkate.

"Kwa hiyo ukimshika mtu mkono, huo mkono hauna kazi nao?"

"Nakuwa natazama pumzi, Babu."

"Ahaa," Babu akasema, akaendelea kula.

Mdomo uliponza kichwa, na wakubwa hawakukosea. Siri ya kazi huachwa kazini pamoja na glavu. Lakini usiku huo nani angejua? Mezani palikuwa na kicheko na mkate wa moto.

Kuanzia hapo Daktari alifanya mazoezi nyumbani. Kila jioni aliketi kando ya Babu, akamchukua mkono huku anaongea habari nyingine, kisha akanyamaza na kuangalia saa ya ukutani. Kumi na sita. Kesho yake, kumi na sita. Babu alikuwa akimtania, anamwuliza mke wangu leo mapenzi haya yametoka wapi, naye anajibu hivi na hivi, na kifua kinapanda taratibu, kinashuka taratibu, kumi na sita. Alijivuna nayo mpaka kituoni. Alimwambia Sista kwamba babu yake, pamoja na umri ule, ana mapafu ya kijana wa mpira.

"Kila siku kumi na sita?" Sista akauliza.

"Kila siku, Sista."

Sista alimtazama kidogo, akasema binadamu si saa, akaenda zake kuchoma sindano. Daktari akaichukua kama sifa.

Na tusimwonee, alikuwa na mengi ya kufurahia. Alimshika mkono mama aliyekuwa akijifungua, akabanwa vidole mpaka vikafa ganzi, na mtoto alipotoka akakaa kimya kwanza, kimya cha kumtoa mtu roho, kisha akalia kwa hasira kama aliyekatiwa foleni. Daktari alikimbilia nyuma kwenye tangi la maji akarukaruka peke yake mpaka mfua mashuka akamwuliza kama kaumwa na nyuki. Alijifunza kuosha kidonda bila kukunja uso. Siku moja aliona kichanga begani kwa mama yake, nyama ya kati ya mbavu inaingia ndani kila kikivuta hewa, akaenda kumwita Sista badala ya kungoja zamu ya foleni. Kichanga kikapelekwa ndani mara moja. Sista hakumshukuru, hakuwa na kawaida hiyo, ila alipopita aligonga kioo cha saa yake kwa kidole, mara mbili, akimtazama. Daktari alilala na mlio huo masikioni. Jibu la swali alikuwa nalo sasa. Ataeleza mtoto aliyekaa kimya, ataeleza mbavu za kichanga. Alilifanyia mazoezi bafuni.

Lakini macho aliyokuwa nayo kituoni, nyumbani aliyaacha mlangoni pamoja na viatu. Hakuona kwamba Babu siku hizi anashinda na ndara. Babu alisema ngozi za viatu vya sasa zinasinyaa. Hakuona kwamba analala ameketi kitini na redio. Babu alisema habari za dunia hazisikilizwi kwa kulala. Na cherehani, ambayo zamani ilishona mguu mzima wa suruali kwa mkupuo mmoja, ilikuwa inakwenda kidogo, inasimama, inakwenda kidogo. Sauti hiyo aliisikia kila siku. Aliisikia tu.

Siku moja kabla ya swali, Sista alimruhusu mapema akapumzike. Jua lilikuwa bado juu. Daktari alifika nyumbani anataka kumshtua Babu, akavua viatu nje, akanyata. Chumba cha mbele ndicho kiwanda cha Babu: cherehani dirishani, meza ya pasi, na kioo kirefu cha wateja, ambacho siku hizi kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mlango. Babu alikuwa amempa mgongo. Cherehani ikakimbia kidogo, ikasimama. Daktari akamwona kiooni.

Babu alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza ya cherehani, amejiegemeza. Mdomo wazi. Mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka kupandisha magunia ghorofani, na nyumba haikuwa na ghorofa. Daktari hakuamua kuhesabu. Macho yalikwenda yenyewe kwenye saa ya ukutani, yakarudi kifuani, kama alivyofundishwa. Ilipofika kumi na sita, aliitazama tena saa. Nusu dakika tu ilikuwa imepita.

Ndipo akaona na miguu. Kamba za ndara zilikuwa zimezama kwenye nyama.

Akaelewa yote kwa pamoja. Zile kumi na sita za kila jioni zilishonwa. Babu alikuwa akimvalia pumzi za kutokea, jioni baada ya jioni, na aliyempa kipimo cha nguo hizo ni yeye mwenyewe, mezani, anacheka. Akaelewa na sababu yake. Mama alikuwa amesema: Babu akiumwa, unarudi nyumbani.

Na swali la Sista ni kesho.

Wazo lilimjia, na halikupiga hodi. Siku moja tu. Babu amekuwa hivi kwa muda, siku moja ina nini? Kesho apate neno la Sista, jioni aseme. Alisimama na wazo hilo mlangoni, akalichukia, na bado lilikuwepo.

Babu akainua macho, akamwona kiooni. Papo hapo akakaa wima. Mdomo ukafungwa, mabega yakashuka, tabasamu likaja. Akanyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka.

"Umewahi leo. Njoo basi upime, Daktari."

Akaenda, akaushika mkono. Ulikuwa wa baridi, una jasho. Karibu namna hii aliona alichokuwa haoni: mshipa wa shingo umevimba, midomo imekazwa, mzee mzima anazuia hewa anayoihitaji ili mjukuu wake apate namba nzuri. Lile wazo likamtoka, likamwacha anataka kulia.

"Babu, usipange pumzi," akasema. "Nimekuona kwenye kioo."

Babu akalegeza midomo. Kisha akaachia, na pumzi ikatoka yote mbio, kama kitu kilichofungwa kamba.

"Nilidhani nimeficha mshono vizuri," akasema alipoweza. "Vumilia kesho tu. Upate neno lako, keshokutwa nitaumwa sawasawa."

"Ulisema ukiumwa utakuja mwenyewe, upange foleni."

"Nilisema."

"Basi vaa shati."

Viatu vilikataa, wakaenda na ndara hizo hizo, kwenye teksi ya jirani, na jirani huyo huyo akatumwa tanurini kumwita Mama. Njiani Babu alitaka kuzungumza habari za suruali isiyokwisha, Daktari akamwomba asiongee. Alimshika mkono njia nzima na hakuhesabu kitu.

Sista Saa hakuuliza maswali mengi. Alimketisha Babu kitandani, akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa. Babu, kwa mazoea mabaya, akaanza tena kupanga pumzi. Sista hakuachia. Akaanza kumwuliza bei ya kushona suti, na kola inageuzwaje, na kwa nini mafundi huahidi Ijumaa wakaleta Jumanne. Hili la mwisho lilimwuma Babu. Akajitetea kwa moyo wote, na mtu hawezi kutetea mafundi wote wa dunia na kupanga pumzi kwa wakati mmoja. Katikati ya maelezo ikamkatika, akahema wazi mbele ya kila mtu.

"Haya," Sista akasema. "Sasa tumeonana."

Daktari wa kweli, wa zamu, alimpima, akasikiliza mgongo, akabonyeza miguu, kidole kikaacha shimo. Alieleza kwamba moyo umechoka, unasukuma kwa taabu, na maji yamejaa mapafuni na miguuni. Dawa ipo. Watamchoma sindano ya kuyatoa maji, atakojoa mpaka achukie, atalala hapo wamwangalie. Alisema pia, bila kupaza sauti, kwamba wameleta mgonjwa wakati unaofaa, angengoja zaidi ingekuwa hadithi nyingine.

Mama alifika na aproni yake, unga mikononi, akasimama miguuni mwa kitanda. Alimtazama baba yake, akamtazama mwanawe. Maneno ya kusema alikuwa nayo, yalionekana yakipita usoni moja moja. Akaketi tu, akaanza kumsugua Babu miguu.

"Nitarudi nyumbani, Mama," Daktari akasema, kabla hajaambiwa.

Mama akaitikia kwa kichwa, bila furaha yoyote.

Daktari alivua koti lenye mifuko mikubwa, akalikunja, akampelekea Sista pale karibu na pazia. Sista akauliza koti la nini, kesho hajajibu swali. Daktari akasema kesho atakuwa nyumbani.

"Basi jibu sasa. Umeona nini?"

Mtoto aliyekaa kimya, mbavu za kichanga, yote aliyoyafanyia mazoezi bafuni yalikuwepo kichwani, yamepangwa vizuri. Hakuyataka.

"Nimemwona babu yangu ni mgonjwa," akasema. "Nimechelewa kumwona."

"Ulichelewa kwa nini?"

"Nilihesabu alichonionyesha, Sista. Nami ndiye niliyemwambia nahesabu. Nilisimulia mezani, watu wacheke." Akalikunja tena koti. "Na leo nilipomwona, nilifikiri kwanza nikae kimya mpaka kesho. Kwa ajili ya neno lako."

Sista alikaa kimya muda ule ule aliokaa kimya siku ya kwanza. Safari hii Daktari alijua anatazamwa pumzi, na hakuipanga.

"Ulikaa kimya?"

"Hapana."

"Vaa koti," Sista akasema. "Nitawaambia chuo wakuchukue. Ila huo mdomo uushone. Fundi unaye nyumbani."

Upande wa pili wa pazia mtu alikohoa. Pazia lenye tundu halifichi siri, na Babu alikuwa amesikia kila neno. Akasema kwa sauti ya kukatika kwamba tangu alazwe hapa ana jambo moja linalomnyima raha: nguo imechanika, nao wameiziba kwa plasta. Wanawalazaje wagonjwa na aibu hii? Kisha akamgeukia Mama. Akapiga hesabu zake kama fundi mbele ya mteja mgumu. Akitoka hapa atatakiwa kuja kupimwa mara kwa mara, sivyo? Basi afuatane na mtoto asubuhi, na cherehani ndogo ya mkono, akae chumba cha mashuka ashone mapazia. Sista atamwona akipita, hata mtoto akishakwenda chuo. Na nyumbani hataachwa peke yake, kwa sababu nyumbani hatakuwepo.

Mama alimtazama Sista. Sista akasema mashuka yaliyochanika anayo ya kutosha.

"Ukinificha tena pumzi, baba," Mama akasema, "nitakwenda na wewe tanurini, nikuweke karibu na moto."

Ndivyo ilivyokuwa. Babu alikojoa mpaka akachukia, akapungua, siku moja akavaa viatu vyake mwenyewe akatembea navyo wodini watu wamwone. Pazia la kijani likatoka na mshono ulionyooka mpaka Sista akaugusa kwa kidole. Toroli tu liliendelea kulia.

Siku chuo kilipojibu, Daktari alitoka ofisini mbio, akapita benchi lote, watu wakamfuata kwa macho, akaingia chumba cha mashuka hana pumzi. Babu alimtazama kifua, akatazama uso, akajua. Alivua miwani kama siku ile ya paka. Walicheka, wakalia kidogo, mfua mashuka akaja kuuliza nani kafa, akaambiwa, naye akapiga vigelegele mpaka benchi zima likajua.

Walipotulia, Babu akasogeza shuka alilokuwa analipinda, akamnyooshea mkono.

"Hesabu," akasema.

"Unajua nahesabu, Babu. Itaharibika."

"Najua. Leo sipangi."

Daktari akaushika. Ulikuwa wa joto. Akatazama kifua cha shati, na pumzi zikaja jinsi zilivyo, moja ndefu, moja fupi, moja yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, hazikujipamba kwa ajili ya mtu. Alifika katikati, Babu akambana vidole, namba zikamponyoka.

"Ngapi?"

"Sijui. Nimepoteza hesabu."

"Anza tena, basi," Babu akasema. "Mkono uko hapa."